Kinyesi cha Mchemraba, Samaki Mfu na Parachuti Isiyofunguka: Habari za Sayansi Zinazochekesha Zisomweje?

Wombati ni mnyama wa Australia, mfupi na mnene, mwenye mfuko wa kulelea mtoto kama kangaruu. Huchimba mashimo, hula majani usiku, na kinyesi chake hutoka kikiwa na umbo la mchemraba. Ni mchemraba kwelikweli, wenye pande bapa na kona unazoweza kuzihesabu. Mnyama mmoja huacha vipande kama 80 hadi 100 kwa usiku, na hajapatikana mnyama mwingine duniani anayekunya hivyo.

Habari hii ilipotoka kwenye maabara na kuingia magazetini, ilizunguka dunia nzima kwa kicheko. Ilistahili. Lakini kicheko kilipopoa, yalibaki maswali mawili ambayo watu huulizana kila habari ya aina hii inapopita: je, ni kweli? Na kama ni kweli, nani alikaa chini akaamua kupoteza muda kuchunguza jambo kama hilo?

Nianze na la kwanza. Kuwa kinyesi kile ni cha mchemraba lilikuwa jambo la kujulikana zamani kwa yeyote aliyetembea mahali wombati wanapoishi. Kilichokosekana ni maelezo ya namna kinavyopata umbo hilo. Wapo waliodhani tundu la nyuma la mnyama huyo ni la mraba, na wengine wakakisia kwamba hukifinyanga baada ya kukitoa. Patricia Yang na David Hu, waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo cha Teknolojia cha Georgia nchini Marekani, walitaka kupima badala ya kukisia. Kupitia mtafiti mwenzao aliyekuwa Tasmania walipata matumbo ya wombati waliogongwa na magari barabarani. Wakayasafisha, wakaingiza ndani yake baluni nyembamba ndefu, zile zinazosokotwa kuwa maumbo ya wanyama kwenye sherehe za watoto, wakazipuliza na kupima utumbo unavyotanuka sehemu hadi sehemu. Utumbo wa nguruwe nao walipima kwa njia hiyohiyo ili wapate cha kulinganishia.

Utumbo wa nguruwe ulitanuka sawasawa pande zote. Wa wombati haukutanuka hivyo. Ukiuzunguka ukuta wake unakutana na sehemu ngumu, kisha laini, kisha ngumu tena. Chakula husafiri ndani ya utumbo wenye urefu wa kama mita 10, kwa muda unaoweza kufika mara nne ya ule wa binadamu, na maji hufyonzwa hadi kinyesi kinakuwa kikavu mno. Karibu na mwisho wa safari, misuli inapojikunja, zile sehemu ngumu hubana upesi na laini hubana polepole. Tofauti hiyo, ikirudiwa maelfu ya mara juu ya kitu kinachoendelea kukauka, ndiyo inayochonga kona. Maelezo haya, pamoja na hesabu zake, yalichapishwa katika jarida la Soft Matter mwaka 2021.

Sasa tazama habari zilivyoandikwa. Nyingi ziliongeza kwamba wombati hunya mchemraba *ili* kinyesi kisibingirike kutoka juu ya mawe anayoyatumia kuwekea alama ya eneo lake. Ni wazo linaloingia akilini kwa urahisi. Lakini baluni ndani ya utumbo haiwezi kukueleza mnyama anakusudia nini, wala kinyesi chake kina faida gani. Kilichopimwa ni *jinsi* umbo linavyotokea. Hiyo *kwa nini* ilibandikwa juu, na msomaji akavimeza vyote viwili kwa mara moja.

Hapo ndipo penye fundo la mada hii nzima. Katika habari ya sayansi inayochekesha, kicheko huwa kwenye swali, ilhali uzito wake uko kwenye namna jibu lilivyotafutwa. Swali la ajabu linaweza kuwa limejibiwa kwa uangalifu mkubwa. Swali zito, la heshima, lenye kugusa afya ya mamilioni, linaweza kuwa limejibiwa ovyo. Sisi wasomaji tumezoea kupima kwa kicheko: likituchekesha tunalidharau, likitupendeza tunaliamini. Mara nyingi tungefanya vyema zaidi tukigeuza.

Yang na Hu walipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2019 kwa kazi hiyo. Tuzo hizi zilianzishwa mwaka 1991 na Marc Abrahams, na hutolewa na jarida la Annals of Improbable Research kwa kazi ambazo kwanza huwafanya watu wacheke, kisha huwafanya wafikiri. Wanaokabidhi tuzo ni washindi wa Nobel halisi. Kwa miaka mingi sherehe ilifanyika Chuo Kikuu cha Harvard, na mshindi aliyevuka muda wake wa kuhutubia alifuatwa jukwaani na msichana wa miaka minane aliyemwambia, bila kuchoka kurudia, kwamba anyamaze kwa sababu anamchosha. Wengi hudhani Ig Nobel ni ya kuzomea sayansi mbovu. Iko mifano ya hivyo, hasa ya miaka ya mwanzo, lakini kwa kawaida mteule huulizwa kwanza kimyakimya kama yuko tayari kuipokea, na wengi huipokea kwa furaha.

Andre Geim aliipokea mwaka 2000, pamoja na Michael Berry, kwa kumwelesha chura hai hewani. Alifanya hivyo katika maabara ya Nijmegen, Uholanzi, kwa sumaku yenye nguvu ya kama tesla 16 (tesla ni kizio cha kupimia ukali wa sumaku), wakati mashine nyingi za MRI za hospitalini, zinazopiga picha za ndani ya mwili, huwa na tesla 1.5 au 3. Maji husukumwa na sumaku, ila kwa nguvu ndogo sana kiasi kwamba maishani hatuioni kabisa. Mwili wa chura kwa sehemu kubwa ni maji, basi sumaku ikiwa kali vya kutosha, msukumo huo unalingana na uzito wake na chura anabaki anaelea, akipapasa hewa kwa miguu. Geim alikuwa na desturi ya kutenga jioni za Ijumaa kwa majaribio yasiyokuwamo kwenye mpango wa kazi. Miaka ya baadaye, katika moyo huohuo, yeye na Konstantin Novoselov walitumia utepe wa kawaida wa gundi kubandua tabaka za grafaiti, kaboni ile ya ndani ya penseli, hadi wakabaki na tabaka yenye unene wa atomu moja, grafini. Mwaka 2010 walipewa Nobel ya Fizikia. Geim ndiye mtu wa kwanza kushinda tuzo zote mbili kwa jina lake mwenyewe.

Kisa cha Geim husimuliwa sana, na mimi kinanipa shauku kila ninapokisoma. Hata hivyo nina neno juu ya jinsi kinavyotumiwa. Hutolewa kama ushahidi kwamba kila utafiti wa kuchekesha una Nobel imejificha ndani. Sivyo. Chura yule hakuizaa grafini. Alikuwa na thamani yake mwenyewe: alionyesha kwa macho, bila fomula, nguvu ambayo vitabu vya fizikia huitaja kwa mstari mmoja na kuiacha.

Sasa tugeuke upande wa habari zinazopendeza. Mwaka 2015 magazeti ya nchi kadhaa yaliandika kwamba kula chokoleti husaidia kupunguza uzito. Kulikuwa na utafiti, na ulikuwa wa kweli kwa maana kwamba watu halisi walipimwa. Aliyeuendesha, John Bohannon, ni mwanahabari mwenye shahada ya uzamivu ya biolojia, na alishirikiana na watayarishaji wa filamu ya televisheni waliotaka kuonyesha jinsi sayansi ya lishe inavyopotoshwa. Waliobaki hadi mwisho wa jaribio walikuwa watu 15, waliogawanywa makundi matatu kwa muda wa wiki tatu. Kundi moja lilikula chakula chenye wanga kidogo, jingine likala vivyo hivyo na kuongeza kipande cha chokoleti nyeusi kila siku, la tatu likaendelea kula kama kawaida. Kila mtu alipimwa mambo 18: uzito, kolesteroli, usingizi, shinikizo la damu na mengineyo.

Ujanja ulikuwa kwenye hiyo 18, na inafaa tuifungue polepole kwa sababu ndiyo mlango ambao habari nyingi potofu hupitia. Katika tafiti za aina hii kuna desturi ya kusema tofauti kati ya makundi ni ya kuaminika iwapo uwezekano wa kutokea kwa bahati tu, chokoleti ikiwa haina athari yoyote, ni chini ya asilimia 5. Kwa kipimo kimoja, hiyo ni tahadhari inayoeleweka. Ukiwa na vipimo 18, kila kimoja kinakupa nafasi yake ya kudanganyika. Uwezekano wa kimoja kutokukudanganya ni 0.95. Vyote 18 kwa pamoja, vikichukuliwa kuwa havitegemeani, ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 18, na hiyo ni karibu 0.40. Maana yake ni kwamba kuna nafasi ya asilimia 60 ya kupata walau “ugunduzi” mmoja pasipo na chochote cha kugundua. Ni kama mtu anayerusha jiwe gizani mara 18: likigonga kitu, asidai alikuwa ameona shabaha.

Safari hiyo jiwe liligonga uzito. Lingegonga usingizi, kichwa cha habari kingesema chokoleti hulaza watu vizuri. Watu watano katika kundi ni wachache mno pia, kwa sababu uzito wa mtu mmoja hupanda na kushuka kwa kiasi cha kutosha kuyumbisha wastani wa wote. Jarida lililoichapisha makala ile lililipwa ada na halikuichuja kwa wanasayansi wengine. Waandishi waliopokea tangazo la vyombo vya habari karibu wote hawakuuliza swali ambalo lingeuangusha mnara mzima: watu wangapi?

Kosa hilohilo la vipimo vingi lina mfano mwingine, na huu naupenda kuliko yote. Craig Bennett na wenzake walinunua samaki aina ya samoni, mwenye urefu wa kama sentimita 46 na uzito wa kama kilo 1.7. Samaki alikuwa amekufa. Wakamlaza ndani ya mashine ya MRI inayochora kazi za ubongo, wakamwonyesha picha za watu katika hali mbalimbali za kijamii, wakamwomba aeleze kila mtu pichani alikuwa na hisia gani. Kompyuta ilipochambua data, baadhi ya sehemu za ubongo wa samaki zilionekana kuwaka, kana kwamba alikuwa akitafakari.

Samaki hakuwa akitafakari. Mashine hiyo huugawa ubongo katika vipande vidogo kwa maelfu na kuuliza swali moja kwa kila kipande: je, hapa pana mabadiliko? Maswali yakifika maelfu, kelele za kawaida za mashine lazima zitoe ndiyo za uongo hapa na pale. Zipo njia za kihesabu za kurekebisha jambo hilo, na Bennett alipozitumia, ubongo wa samaki ulitulia wote. Wakati anawasilisha bango lake la utafiti mwaka 2009, tafiti zisizo haba za ubongo wa binadamu zilikuwa zikichapishwa bila marekebisho hayo. Tungeweza kuandika kurasa mia kuwaonya watafiti, lakini samaki mmoja mfu aliwafanya waelewe kwa kumtazama tu. Bennett na wenzake walipata Ig Nobel mwaka 2012, na hapo utaona ucheshi ukifanya kazi ambayo maelezo makavu hayakuwa yameiweza.

Mzaha wa namna hiyo una makao yake. Jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, hutoa toleo maalumu la Krismasi ambamo tafiti huwa na mada za kuchekesha, ila taratibu zake hufuatwa. Mwaka 2005 watafiti wa taasisi moja ya Melbourne walitia alama vijiko 70 vya chai na kuvifuatilia kazini kwao. Baada ya miezi mitano, 56 vilikuwa vimetoweka. Mwaka 2018 likaja jaribio la parachuti. Watu 23 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa parachuti, wengine mkoba mtupu, na wote wakaruka kutoka kwenye ndege au helikopta. Matokeo: parachuti haikupunguza vifo wala majeraha makubwa hata kidogo.

Ukiishia kwenye sentensi hiyo, utadhani umegundua jambo la kutisha. Endelea kusoma. Ndege ilikuwa imesimama uwanjani. Walioruka waliruka kutoka kimo cha wastani wa mita 0.6. Wale waliofuatwa wakiwa angani, kwenye kimo cha maelfu ya mita, hawakukubali kushiriki, na hakuna atakayewashangaa. Kila neno katika matokeo hayo lilikuwa kweli, na waandishi wenyewe waliitaja hali hiyo bila kuificha. Walichotaka kuonyesha ni jambo linalotokea kwenye majaribio ya dawa: mgonjwa aliye hatarini hasa huwa haingizwi kwenye jaribio, anaingizwa mwenye hatari ndogo, halafu inatangazwa kwamba tiba haina faida.

Kati ya karatasi ya utafiti na simu yako, habari hupita mikono mingi. Mtafiti huandika “huenda”, ofisi ya habari ya chuo huandika “inaonyesha”, mhariri huandika “imethibitika”. Kinachodondoka kwanza njiani huwa ni nani aliyepimwa. Mwaka 2019 mwanasayansi James Heathers alifungua akaunti ya Twitter ambayo kazi yake ilikuwa moja: kuchukua vichwa vya habari kuhusu dawa na magonjwa na kuongeza maneno “KWA PANYA”. Watu walimiminika kuifuata. Maneno mawili tu yalitosha kuirudisha habari mahali pake.

Ndiyo maana habari ikinijia, natafuta vitu vichache kabla ya kuamua kuishangilia: nani alipimwa na wangapi, walilinganishwa na nani, walipimwa mambo mangapi, na sentensi ipi imetokana na kipimo na ipi imeongezwa na msimuliaji. Mara nyingi majibu yako kwenye aya mbili za katikati. Yasipokuwapo kabisa, hilo nalo ni jibu.

Sasa lile swali la pili, la nani anapoteza muda wake. Huwa linaulizwa kwa hasira, hasa pesa za umma zikihusika, na mimi nalichukulia kwa uzito, kwani fedha za utafiti hazitoshi popote. Bart Knols na Ruurd de Jong, Waholanzi, walitaka kujua mbu huchaguaje mahali pa kuuma. Mtu alikaa kwenye kiti akiwa karibu uchi, wakahesabu mbu wanatua wapi. Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria, alielekea kwenye miguu na vifundo. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua bakteria, mpangilio wa kuuma ukabadilika. Kumbe harufu ya miguu, inayotokana na bakteria, ndiyo ilikuwa ikimvuta. Wakakumbuka kwamba jibini ya Limburger, inayonuka kama miguu, hutengenezwa kwa bakteria walio na undugu na wale wa kwenye ngozi. Wakaijaribu, na mbu jike wakaifuata. Dunia ikacheka, Ig Nobel ikatolewa mwaka 2006.

Lakini ukishajua mbu anafuata harufu, unaweza kumwekea harufu mahali pengine. Watafiti waliendelea kuchanganya kemikali zinazoiga mwili wa binadamu na kuziweka kwenye mitego. Mitego ya aina hiyo, iliyoendeshwa kwa umeme wa jua, ilitundikwa kwenye nyumba za kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa karibu asilimia 30 kwenye nyumba zenye mitego kuliko zile ambazo zilikuwa bado hazijapata.

Na siyo lazima faida ichukue miaka 20. Faru weusi wanapohamishwa kutoka maeneo yasiyofikika kwa gari hupigwa dawa ya usingizi, hufungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye helikopta. Wahifadhi walifanya hivyo kwa miaka bila mtu kupima kama mnyama anaumia. Timu iliyoongozwa na Robin Radcliffe iliwaning'iniza faru 12 kwa winchi nchini Namibia na kupima upumuaji wao. Waliponing'inia, damu yao ilipata oksijeni zaidi kidogo kuliko walipolazwa ubavu. Picha ya faru aliyening'inia miguu juu inachekesha, sikatai, lakini lile ndilo swali ambalo daktari wa wanyama anayewajibika alipaswa kuuliza tangu siku ya kwanza.

Tafiti nyingine hazina faida ya kuonyesha, na sioni haja ya kuzitafutia. Donald Unger, daktari wa Marekani, aliambiwa utotoni na mama yake na shangazi zake kwamba kualisha vidole, yaani kuvikunja hadi vilie, kutamletea ugonjwa wa viungo. Akaamua kuvialisha vidole vya mkono wa kushoto, angalau mara mbili kila siku, na kuuacha wa kulia uwe wa kulinganishia. Mwaka 1998, baada ya miaka 50 ya kualisha ambako kwa hesabu yake hakukupungua mara 36,500, aliandika barua kwa jarida la magonjwa ya viungo: mikono yote miwili ilikuwa salama, na hakuona tofauti kati yake. Alipopewa Ig Nobel mwaka 2009 alikuwa amevuka miaka 60 ya kualisha vidole bila kuacha.

Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha jambo, hata akiwa na subira ya ajabu kiasi hicho, na Unger mwenyewe aliliandika hilo waziwazi kwenye barua yake. Lakini swali lake lilichukuliwa na wengine. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliotazama picha za eksirei za mikono ya watu zaidi ya 200 wenye umri wa miaka 50 hadi 89. Waliokuwa na mazoea ya kualisha vidole na wasiokuwa nayo walikuwa na ugonjwa wa viungo vya mkono kwa kiwango kinachokaribiana.